Kinyozi Hana Kosa

Baba Salma ndiye aliyeliona kwanza. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo kibanda chake pale Kisauni hujaa hadi watu wanangoja nje kwenye benchi. Mashine ilikuwa inapanda kisogoni mwangu kama kawaida, mara ikazimwa.

"Mwalimu," akasema, "hapa nyuma umenyolewa na nani?"

"Si wewe, mwezi uliopita?"

"Mimi siwezi kunyoa hivi."

Akachukua kioo kidogo, akakishika nyuma ya kichwa changu ili nione kwenye kile kikubwa cha mbele. Palikuwa na kipara cha mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, laini kama kiganja cha mtoto. Hakuna ukoko, hakuna wekundu. Akapagusa kwa kidole gumba. Panawasha? Hapana. Panauma? Hapana. Akamalizia kuninyoa bila maneno, akanipangusa shingo kwa spiriti, nikampa mia yake nikaondoka. Sikumuaga vizuri. Kabla sijafika stejini nilikuwa nimeshamhukumu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimechora kuvu ubaoni kwa miaka 11. Najua mapunye huenezwa na mashine isiyosafishwa, na kitana, na taulo moja inayozunguka shingo kumi. Kwa hivyo sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilipita duka la dawa, nikanunua dawa ya kupaka, nikapaka asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye kipara kilikuwa saizi ya sarafu ya ishirini, na kingine kilikuwa kimechipuka juu ya sikio la kushoto. Wiki ya tano nikaona pengo kwenye ndevu, upande wa kulia, mahali ambapo Baba Salma alikuwa amepitisha wembe kwa mkono wake mwenyewe. Hapo nikasema kesi imekwisha.

Nililitaja chumba cha walimu, saa ya chai ya saa nne. Sikupiga kelele. Nilisema tu, kama mtu anayewatakia wenzake mema, "Jamani, pale kwa Baba Salma mjihadhari. Mashine zake si safi." Wenzangu watatu walikuwa wateja wake. Mmoja ana watoto wa kiume wanne. Jioni hiyo hiyo ujumbe ulikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa: wazazi wasipeleke watoto pale, kuna mapunye, mwalimu wa biolojia amethibitisha. Niliusoma nikiwa kwenye matatu. Neno "amethibitisha" lilinisumbua kidogo, lakini sikuliandika mimi, basi nikaweka simu mfukoni.

Nikaanza kuvaa kofia. Mimi ni mtu wa Voi, nimebatizwa, na kofia ile ya kushonwa kwa mkono niliinunua Kongowea kwa sababu ndiyo iliyofunika hadi kisogoni. Ndani ya wiki moja watu nisiowajua wakaanza kunitolea salamu za heshima. "Assalam aleikum, ustadh." Nilikuwa naitikia. Ungefanya nini? Kumsimamisha mzee wa watu njiani umwambie, hapana mzee, mimi ni mgonjwa wa kichwa? Darasani nilipoivua siku moja kwa joto, kijana wa dawati la nyuma akanong'ona "mapunye," na Kidato cha Pili kizima kikainamisha vichwa kwenye vitabu, mabega yakitikisika.

Nyumbani kila mtu alikuwa na mkosaji wake. Mama Neema alisema ni mawazo, tena aliyataja kwa majina: mkopo, kiwanja, ndugu yangu. Mama yangu alipiga simu kutoka Voi, akauliza swali moja. "Huyo anayekunyoa, nywele zako akishazifagia anazipeleka wapi?" Nikamwambia mama, wacha mambo hayo. Lakini nilipokata simu nililiona jambo ambalo sikutaka kuliona. Mimi nilisema kuvu, mama akasema uchawi, na sote wawili tulikuwa tumemnyooshea kidole mtu mmoja.

*

Kliniki ya ngozi niliyokwenda iko mjini. Daktari alikuwa mama mtulivu, mwenye sauti ya chini. Alinitoa kofia mwenyewe, akawasha taa, akatazama vipara kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Kisha akafanya kitu nisichokitarajia, akaniomba mikono. Akageuza kucha zangu kwenye mwanga. "Umewahi kuziangalia?" Kwenye kucha za vidole viwili kulikuwa na vitundu vidogo vidogo vimejipanga, kama vya subana ya fundi cherehani. Nilikuwa naziona kila siku nikishika chaki na sikuwahi kuziona.

"Hii si mapunye," akasema. "Haiambukizi. Hukuipata kwa mtu na huwezi kumpa mtu."

Akanionyesha kwenye simu picha aliyoipiga pembeni mwa kipara. Palikuwa na nywele fupi fupi zilizovunjika, nene juu, nyembamba chini, kama alama ya mshangao. Jina lake ni alopesia areata. Karibu watu 2 katika kila 100 huipata wakati fulani wa maisha yao, watoto kwa wakubwa, wa rangi zote. Nikamwuliza swali la mwalimu: kisababishi ni nini? Bakteria, virusi, kuvu?

"Ni seli zako za T," akasema. "Askari wako wamekosea nyumba."

Nilicheka, maana neno hilo ni langu. Kila mwaka nikifika somo la damu nachora seli nyeupe, nawaambia wanafunzi hawa ni askari wa mwili. Wanaliandika. Linatoka kwenye mtihani, wanapata alama. Sikuwahi kuwaambia, kwa sababu sikuwahi kufikiri, kwamba anayeishi na askari anajua kuna siku askari humkamata asiyehusika.

*

Usiku huo sikulala. Nilisoma hadi adhana ya alfajiri, na nitaeleza nilivyoelewa, kwa lugha ambayo ningeitumia darasani.

Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi. Chini kabisa kuna tunguu, na humo ndimo unywele hutengenezwa na kutiwa rangi. Kichwa kina vinyweleo kama 100,000, na wakati wowote vingi kati yavyo viko kwenye kipindi cha kukua, kipindi ambacho huchukua miaka kadhaa. Baadaye kinyweleo hupumzika, unywele huanguka, kisha kazi huanza upya.

Sasa, karibu kila seli ya mwili hubeba kitu mfano wa kitambulisho. Huchukua vipande vya protini zilizomo ndani yake na kuvitundika nje, ili askari wa doria avikague. Seli ya T ikiona kipande cha kirusi, huiua seli hiyo. Ikiona vipande vya kawaida, hupita. Seli hizi husomeshwa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thaimasi, na zile zinazoonekana kuwa na ukali dhidi ya mwili wenyewe huondolewa kabla hazijahitimu. Ila hakuna shule inayomaliza watundu wote. Wachache hupenya, na ndiyo maana kuna seli nyingine za T ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao huko nje.

Kinachoshangaza ni kwamba tunguu la unywele unaokua limepewa ruhusa ya pekee. Halionyeshi kitambulisho, au hukionyesha kidogo sana, na askari hawalisumbui. Wako askari wengine ambao humshuku hasa yule asiye na kitambulisho, nao pia hutulizwa kwa kemikali ambazo tunguu lenyewe huzitoa. Mahali pa namna hii ni pachache mwilini. Ndani ya jicho ni pamoja, na korodani. Mwaka 1971 mwanasayansi Rupert Billingham alieleza jinsi jambo hili lilivyojitokeza kwa wanyama waitwao simbilisi. Ngozi nyeusi ilipandikizwa kwa simbilisi mweupe, mwili ukaikataa kama ilivyotarajiwa. Lakini baadaye zikaota nywele nyeusi. Seli za rangi za yule mgeni zilikuwa zimejificha ndani ya vinyweleo, na humo askari hawakuingia kuzitafuta.

Kwa mtu kama mimi, ruhusa hiyo huvunjika. Tunguu huanza kuonyesha vitambulisho, tena pamoja na alama za kuomba msaada, kama mtu aliyebonyeza kengele ya hatari. Seli za T hukusanyika kulizunguka. Wanaotazama kipande cha ngozi kwa hadubini huwaona wamelizingira tunguu, wakafananisha na kundi la nyuki. Zikifika hutoa kemikali iitwayo interiferoni-gama, ambayo hulifanya tunguu litundike vitambulisho zaidi, na tunguu nalo hutoa kemikali nyingine, interlukini-15, inayowapa nyuki nguvu. Kelele huleta askari, askari huleta kelele. Unywele huachwa katikati ya kazi, hunyongeka pale chini, hukatika. Ndiyo ile alama ya mshangao.

Sehemu kubwa ya haya ilijulikana juzi tu. Mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Angela Christiano, ni mgonjwa wa alopesia areata yeye mwenyewe. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni za wagonjwa zaidi ya 1,000 na za watu wasio na ugonjwa, na jeni nyingi walizozikuta ni za mfumo wa kinga, zikiwemo za ile kengele ya hatari. Mwaka 2014 wakaonyesha kwa panya aina hasa ya seli ya T inayofanya shambulio, na kwamba ujumbe wa zile kemikali mbili hupitia vimeng'enya viitwavyo JAK. Zuia JAK, kelele inakatika. Wagonjwa watatu waliopewa dawa ya namna hiyo waliotwa na nywele ndani ya miezi michache. Juni 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kumeza kwa watu wazima walioathirika vibaya, baricitinib. Kwenye majaribio, kipimo kikubwa kiliwarudishia nywele nyingi zaidi kidogo ya thuluthi ya wagonjwa. Si wote. Na wengi wakiiacha, nywele huanguka tena. Bei yake si ya mshahara wa mwalimu, na daktari alisema kwa vipara vitatu sihitaji. Angenidunga sindano ndogo ndogo za steroidi kwenye vipara vyenyewe, kila baada ya wiki kadhaa.

Kuna jambo moja nililolisoma mara tatu. Seli za T hushambulia tunguu, chini. Seli mama, zile zinazoweza kujenga unywele upya, hukaa juu zaidi, karibu na pale kinyweleo kinapoungana na kamsuli kale kanakosimamisha nywele ukishtuka. Hizo kwa kawaida haziguswi. Kwa hivyo kinyweleo hakifi. Mtu anaweza kukaa na kipara miaka, na bado kinyweleo kiko hai, kinangoja kelele zitulie.

Nilifurahi. Halafu furaha ikakatika, kwa sababu nilimkumbuka Baba Salma.

*

Niliandika ujumbe wa kikundi cha mtaa mara nne nikaufuta. Wa tano ukaenda: kwamba nilikosea, kwamba ugonjwa wangu si wa kuambukizwa, kwamba hautoki kwenye mashine wala taulo, na kwamba Baba Salma hana kosa. Ule wa kwanza, wa mapunye, ulipata majibu 40 na kitu, ukasambazwa hadi vikundi vya mitaa mingine. Huu wangu ulipata vidole gumba viwili. Mwenzangu mmoja wa shuleni akaandika, "Kumbe ni ule wa mke wa Will Smith." Watu wakacheka, wakaanza kubishana tena kuhusu lile kofi la Oscar la Machi 2022, na jina la Baba Salma halikutajwa tena.

Jumamosi nikaenda. Benchi la nje lilikuwa tupu. Ndani kuna viti viwili. Cha pili kilikuwa na kijana, fundi mwepesi wa mikono, aliyekuwa akinyoa watoto wa shule. Sasa kiti kilikuwa kimefunikwa kwa shuka.

"Karibu, mwalimu," akasema Baba Salma. Hakusimama.

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kama somo, na nililitoa kama somo, seli za T, tunguu, kitambulisho. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na kitambaa mkononi, akipangusa mashine ambayo tayari ilikuwa safi. Nyuma yake niliona kitu ambacho kilikuwa pale siku zote, ndoo ndogo ya dawa ya kuulia vijidudu, na vichwa vya mashine vimezama ndani yake.

"Kijana yuko wapi?" nikauliza.

"Anaendesha boda. Bamburi huko. Wateja walipungua, sikuwa na cha kumpa."

Nikamwambia nisamehe. Neno lilitoka dogo.

Akaweka mashine chini. "Mimi sijasoma mambo ya seli," akasema. "Lakini mwalimu, nimekunyoa miaka sita. Namba yangu unayo. Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Najua tu kwamba ni rahisi mno adui akitoka nje. Ukiambiwa ni kuvu, unajua wa kumchukia. Ukiambiwa ni uchawi, pia unajua. Lakini ukiambiwa walioharibu ni wako, waliofunzwa ndani yako, waliodhani wanakulinda, huna pa kuelekeza kidole. Mimi nilikielekeza wiki tano kabla sijaambiwa lolote. Niliona alama moja, nikapiga kengele, wengine wakakusanyika, na kelele zao zikanithibitishia kwamba nilikuwa sahihi.

"Kaa," akasema hatimaye. "Au umekuja kuongea tu?"

Nikakaa. Alinifunga kitambaa shingoni, akachukua mashine kutoka kwenye ndoo, akaipangusa mbele ya macho yangu, polepole, akahakikisha nimeona. Nilistahili hilo.

*

Sindano ziliuma, sitadanganya. Sindano nyembamba, mara nyingi, kwenye ngozi iliyolala juu ya mfupa. Mwezi wa tatu Mama Neema alinipapasa kisogoni akasema pana kitu kama manyoya ya kifaranga. Tukapiga picha. Zilikuwa nywele nyeupe kabisa, kwenye kichwa cha mtu wa miaka 37. Daktari akasema ni kawaida. Ugonjwa huu hupendelea nywele zenye rangi na mara nyingi huziacha zile nyeupe, na wataalamu wanashuku kwamba protini zinazohusika na rangi ndizo askari wanazozikosea. Rangi hurudi baadaye, kwa wengi. Yangu ilirudi kisogoni. Kwenye ndevu bado nina doa jeupe, na wanafunzi wameshalizoea.

Muhula uliofuata nilipofika somo la damu nilivua kofia, nikawageuzia Kidato cha Pili kisogo. Nikawaambia watazame vizuri na waulize lolote. Yule kijana wa dawati la nyuma hakunyanyua kichwa. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, sasa hao askari unaweza kuwafukuza wote?" Nikamwambia hapana, ukiwafukuza wote utakufa kwa homa ndogo. Hao hao ndio wanaokulinda usiku na mchana. Unachoweza ni kutuliza kelele, na kungoja. Akaandika hilo kwenye daftari. Halitatoka kwenye mtihani.

Wateja wa Baba Salma wamerudi, si wote. Yule mwenzangu wa watoto wanne anasema anajua si mapunye, ila watoto wamezoea kwingine. Kijana wa kiti cha pili hakurudi, boda inamlipa vizuri zaidi, ndivyo anavyosema. Nimempita mara mbili barabarani, akanipungia mkono. Sijui kama anajua ni mimi niliyeanzisha.

Mwezi jana nilikuwa kwenye kiti, Jumamosi, benchi la nje lina watu watatu. Mashine ikapanda kisogoni, ikashuka, ikazunguka nyuma ya sikio la kulia. Ikazimwa.

"Mwalimu," akasema Baba Salma, kwa sauti ya chini ili walio nje wasisikie. "Kuna jingine hapa. Dogo."

"Kubwa kiasi gani?"

Akafikiri. "Shilingi moja."

Nikamwambia asinong'one. Nikamwambia aendelee kunyoa.